Karantini ya Konti ya Maman Kyakimwa

Symphorien aliiona riziki yake mpya siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, akiwa amekaa kwenye ngazi ya famasi ya dada yake, mtaa wa Bel-Air, akila beignets, maandazi ya mtaani, ambazo mwenye kuzikaanga alidhani atarudi kuzilipa.

Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi wiki tatu nyuma, mwishoni mwa Januari, Bukavu ikafuata, na mjini Lubumbashi hakuna aliyemtazama mwenzake usoni tena. Kila mtu alitazama simu. Wale wafanyabiashara wa jumla waliotoka Kivu, ambao siku za kawaida ukigusa gunia lao bila kusalimia wanakufukuza, sasa ungeweza kuondoka na mfuko mzima wa sukari na mwenyewe akakuaga bila kuinua kichwa. Kule kwao benki zilikuwa zimefungwa, barabara zimekatika, ndugu wametawanyika. Kilichobaki kilikuwa Watsapu.

"Bantu bote bameingia mu kisanduku kimoja," Symphorien alijiambia, akijifuta mafuta vidoleni. "Na kile kisanduku hakina kufuli."

Basi hivyo ndivyo alivyozaliwa Daktari wa Konti, yaani wa akaunti za simu. Kuhusu masomo yake tuseme ukweli: alisoma informatique, elimu ya kompyuta, mwaka mzima, kasoro miezi tisa. Koti jeupe lilikuwa la Dorcelle, dada yake mkubwa aliyemwita yaya, nalo lilimbana mabegani hata akawa anapumua kwa zamu. Aliweka meza mbele ya famasi, kiti cha plastiki kwa ajili ya mgonjwa, na karatasi kubwa iliyoandikwa kwa wino mwekundu: CLINIQUE YA MA KONTI. TUNAPIMA, TUNAPONESHA, TUNACHANJA.

Dorcelle alitoka, akaisoma mara mbili.

"Symphorien, weye utachanja nini? Telefone iko na mukono?"

"Yaya, magonjwa ya leo haina ya mwili tena."

"Koti yangu urudishe saa kumi."

"Nitairudisha na heshima yake yote."

Kliniki bila wagonjwa ni meza tu, na Symphorien hakuwa mtu wa kukaa akingoja ugonjwa uje wenyewe. Aliutengeneza. Mambo yalikuwa rahisi mno, hata yeye mwenyewe alishangaa kidogo. Konti ya Watsapu ikitaka kuhamia simu mpya, nambari sita hutumwa kwenye simu ya mwenye konti. Anayezipata nambari zile ndiye anayebaki na konti. Kazi iliyobaki ni kumfanya mwenyewe akusomee, na hapo ndipo Symphorien alipoonyesha akili ambayo, kama angeitumia kwa kitu cha maana, leo tungekuwa tunampigia saluti.

Aligundua Kambale.

Wanande, watu wa Butembo na Beni, humpa mtoto jina kwa kufuata zamu yake ya kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Kambale. Kwa hiyo hakuna ukoo usio na Kambale, na koo nyingi zina watano au sita. Symphorien aliweka leso mdomoni, akapiga simu kwenye depo ya kwanza aliyoikumbuka.

"Allo, Maman? Niko na Kambale hapa."

"Kambale gani?"

"Kambale wenu!"

Upande wa pili mtu alivuta pumzi. Majuma yale hakukuwa na mtu wa Kivu ambaye hakuwa akimngoja Kambale fulani.

"Ule wa Beni? Mungu wangu! Eko muzima?"

"Ule ule wa Beni! Eko muzima, lakini telefone yake ilipotea. Anataka kukuita ku Watsapu. Utaona nambari sita zinaingia. Utusomee mbio, connexion inakatika."

Na walisoma. Msiwacheke. Mimi ninayewasimulia ukoo wetu haujawahi kuwa na Kambale hata mmoja, lakini nilipoambiwa shangazi yangu wa Likasi ananitafuta nilisoma nambari zile mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza niliona nimesoma haraka sana, maskini mpigaji hataelewa.

Baada ya hapo konti ilihamia kwenye simu ya pili ya Symphorien, yenye kioo kilichopasuka, na marafiki wa mgonjwa wakaanza kuombwa msaada mdogo wa haraka. Kesho yake mgonjwa alifika kliniki akiwa na uso mrefu. Symphorien aliipokea simu yake kwa mikono miwili, akaiweka shavuni na kufumba macho.

"Inachoma," alisema. "Microbe imeshaingia."

Halafu aliirudisha konti aliyoiiba mwenyewe, akapokea malipo na shukrani, na mara nyingine kuku. Wiki haikuisha kabla sifa zake hazijafika mtaa wa Makomeno. Kule alikuwako mwalimu mstaafu aitwaye Laurent, aliyeibiwa mara mbili na kuponywa mara mbili, ambaye kila Jumapili baada ya misa alimtaja Docteur Symphorien mbele ya watu, akidai kwamba vijana wa namna hiyo wamebaki wachache. Katika hilo hakukosea.

Naye Symphorien hakujiona mwizi. Alijiona fundi wa bomba ambaye, kwa kuwa mabomba ya watu ni mazima mno, hulazimika kuyatoboa kidogo.

Kati ya wagonjwa wake hakuna aliyekuwa na moyo kama Maman Kyakimwa. Alikuwa mwanamke wa Butembo, miaka kumi na tano Lubumbashi, mwenye depo ya mchele na sukari na malori mawili yaliyokwenda Kasenga kuchukua samaki. Malori yenyewe ndiyo yaliyomwambia Symphorien kwamba mama huyu atafaa kuugua mara kwa mara. Alimwibia mara tatu kwa mwezi mmoja. Mara ya tatu, akijifanya kuandika historia ya ugonjwa kwenye daftari, alimwuliza:

"Huyu mwenye kukuita, alisema nini kabisa?"

"Alisema eko na Kambale. Mi nikazania Kambale yetu wa Kasindi, mwenye kovu ku shavu. Kumbe bongo, uongo tu."

"Kovu," Symphorien aliandika. "Ku shavu ya kushoto?"

"Ya kuume."

Siku sita baadaye leso ilirudi mdomoni, na Kambale wa Kasindi mwenye kovu la shavu la kuume akapatikana mzima. Maman Kyakimwa alizisoma nambari akilia kwa furaha. Mara hii Symphorien aliongeza kitu. Aliifunga konti kwa nambari ya siri ya pili, aliyoijua yeye peke yake, ili mwenyewe asiweze kuirudisha kabla ya siku saba. Hesabu yake ilikuwa kwamba mtu akiteseka siku saba, siku ya nane hatabishana juu ya bei ya chanjo kubwa.

Maman Kyakimwa alifika asubuhi hiyo hiyo, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Hakuketi.

"Docteur, balishaiba tena."

Symphorien aliipima simu shavuni. Alitikisa kichwa, jinsi wanavyofanya madaktari wa kweli.

"Maman, hii iko grave. Itaingia mu karantini. Siku saba."

"Siku saba? Hapana, papa, hapana! Unaniskia? Mutoto wangu eko kule. Emmanuella. Alikuwa anasoma Goma, toka siku bale bantu baliingia siyamuskia. Telefone yake haiiti. Numero yangu njo moja tu anaijua mu kichwa, nilimukaririsha tangu eko na miaka tano. Kupiga ya kawaida toka kule haipite; akipata telefone ya mutu yeyote, ataandika pale. Pale tu!" Alimshika mkono, koti jeupe likakunjamana. "Siku saba ni mingi. Lomba unachotaka."

Hapa ingefaa niwaambie kwamba Symphorien aliguswa. Aliguswa, ndiyo. Alitazama pembeni. Lakini palikuwa na wagonjwa wengine wawili kwenye foleni, na mtu akishavaa koti jeupe mbele ya watu ni vigumu sana kulivua.

"Karantini ni karantini, Maman," alisema kwa sauti ndogo. "Tumuombe Mungu."

Siku tatu simu yenye kioo kilichopasuka ilikaa mfukoni mwake, ikitetemeka. Wateja waliuliza bei ya mchele. Waumini walituma sala. Namba ngeni zilituma ujumbe wa sauti, lakini Symphorien hakuwa na tabia ya kufungua ujumbe wa sauti, kwa kuwa unakula mégas, yaani bando la intaneti, na mégas zilikuwa zake.

Siku ya nne, mchana, uliingia ujumbe wa maandishi kutoka namba asiyoijua.

"Mama, njo miye Emmanuella. Natumia telefone ya mutu. Tulipita Zambia, nimefika Kasomeno. Niko na homa sana, siwezi kuendelea. Muzigo ya papa niko nayo, ile ya manjano, haijapotea. Tuma mutu wa kweli. Akifika ku carrefour aandike hapa hapa ku Watsapu, nitamutumia mahali niko."

Symphorien aliusoma akiwa amesimama, akausoma tena akiwa ameketi.

Msichana yuko hai! Kitu cha kwanza alichokifanya, na hili nalitaja kwa haki, ni kucheka peke yake kwa furaha. Kitu cha pili ni kusoma tena yale maneno "ya manjano". Dhahabu! Kila mtu anajua ni mzigo gani wa manjano mfanyabiashara wa Butembo anaweza kumwachia binti yake.

Kisha akaona shida ilipo. Akimpelekea Maman Kyakimwa ujumbe huu, ataulizwa ameusomea wapi. Hata akiirudisha konti, ujumbe ulioshafika utabaki kwenye simu hii yenye kioo kilichopasuka. Akinyamaza, msichana atakufa kwa homa kando ya barabara ya Kasenga. Alijaribu uongo kadhaa mbele ya kioo cha famasi. "Maman, niliota ndoto." Hapana. "Maman, machine yangu ilikamata mawimbi." Alijitazama usoni na kwa mara ya kwanza hakujiamini hata yeye.

"Basi nitaenda miye mwenyewe," aliamua.

Alimwomba Dorcelle dawa za malaria.

"Nani anaugua?"

"Mugonjwa wangu."

"Wagonjwa yako beko ma telefone."

"Huyu iko na mwili, yaya. Leta basi."

Dorcelle alimtazama, akampa dawa, maji ya sukari na chumvi, na hata blanketi. Symphorien alivitia vyote katika mfuko mkubwa wa safari. Kwa kuwa ulibaki na nafasi, alitia na mfuko wa pili, mtupu, mgumu, wenye zipu ya chuma. Akiulizwa wa nini, alijiambia, ni wa blanketi likilowa.

Asubuhi iliyofuata alipanda gari la wachuuzi wa samaki waliokuwa wakirudi Kasenga. Samaki hawakuwamo, harufu yao ilikuwamo. Mvua ilikuwa imeikoroga barabara hata ikawa uji, na mara tatu abiria walishuka kusukuma, Symphorien akiwa mbele kwa sababu mtu mmoja alipiga kelele, "Docteur asukume pia!" Hakukumbuka kwamba bado amevaa koti. Njia nzima aligombana na nafsi yake. Unaenda kwa ajili ya msichana, alisema. Halafu gari liliruka shimo, mfuko mtupu ukamgonga magoti, na mabishano yakaanza upya.

Alifika Kasomeno saa nane, matope hadi masikioni. Alisimama kwenye njia panda, kati ya wauza mahindi ya kuchoma na lori moja lililoegeshwa, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka na kuandika: "Nimefika."

Jibu lilikuja mara moja. "Geuka."

Aligeuka. Dereva wa lori, jitu la upole aitwaye Bwalya, alikuwa ameegemea mlango, simu ndogo mkononi, akitabasamu kama mtu aliyeshinda dau. Kando yake, kwenye kigoda, Maman Kyakimwa alikuwa anakunywa chai.

"Docteur," alisema. "Karibu. Ulikuya kutibu nani huku?"

Symphorien alijipangusa matope kwenye koti.

"Maman... mi nilikuwa napita."

"Unapita Kasomeno. Na koti." Aliweka kikombe chini. "Ule ujumbe aliandika Bwalya, mi niko namwambia maneno. Nilitumia ku numero yangu. Mutu mumoja tu duniani angeweza kuusoma, mwizi wangu. Na ona ule alikuya."

"Uliyua toka lini?"

"Ile kovu. Uliponiita, furaha ilinifunga macho, nikasoma nambari. Mangaribi nikaikala chini nikajiuliza: kovu ya Kambale, nilisemaka kwa nani Lubumbashi hii? Kwa docteur peke yake." Alinyanyuka. "Ningekufuata Bel-Air, ungekataa, ungetupa telefone mu mutaro, na mutoto wangu angepotea nayo. Nilitaka uilete weye mwenyewe, mu mukono. Leta."

Symphorien aliitoa, pamoja na nambari ya siri, bila kuulizwa.

"Na mufuko. Fungua."

Bwalya aliufungua yeye. Akatoa dawa za malaria, akasoma majina yake. Akatoa maji ya sukari. Akatoa blanketi. Mwisho akatoa mfuko mtupu wenye zipu ya chuma, akaunyoosha hewani ili wauza mahindi nao waone.

"Basi ulikuya juu ya mutoto," Maman Kyakimwa aliuliza polepole, "ao juu ya muzigo?"

"Maman, mi mwenyewe nilijiuliza njia muzima," Symphorien alisema, "na sikupata jibu. Naapa."

Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu Januari, na mtu asiye na mazoezi hulisema vibaya. Wauza mahindi walicheka. Maman Kyakimwa hakucheka; macho yake yalikuwa kwenye simu. Kidole chake kilishuka kwenye orodha ya jumbe, kikapita bei za mchele, kikapita sala, kikasimama.

"Hizi sauti ni za nani? Numero ya Burundi. Ziko tatu. Haukufungua?"

"Zinakula mégas," alijibu Symphorien, na palepale akatamani ulimi wake ukatike.

Alibonyeza ya kwanza. Ilikuwa na siku nne.

"Mama, njo miye Emma. Nilivuka, niko Bujumbura kwa masista, niko muzima. Telefone yangu balininyanganya. Hii ya sista. Uniitikie, mama."

Ya pili: "Mama, ulipata? Juu ya nini hauitikie?"

Ya tatu haikuwa na maneno mengi. Msichana alikuwa analia, akasema tu, "Mama, na weye uko muzima kweli?"

Maman Kyakimwa aliketi chini, si kwenye kigoda, chini kabisa kwenye matope na kitenge chake kizuri. Alipiga. Simu iliita mara moja, mara mbili, na sauti ile ile ikapokea, na wote waliokuwa njia panda wakasikia "Mama!" kwa sababu kioo kilichopasuka hakikuzuia kitu. Mama na mtoto walilia na kuongea Kinande kwa pamoja, hakuna aliyemngoja mwenzake amalize. Bwalya aliligeukia lori akajifanya anakagua tairi. Mama mmoja muuza mahindi, ambaye hakujua habari yoyote, alilia pia.

Symphorien alisimama na koti la dada yake. Aliona aibu, si ile ya kukamatwa, ambayo aliizoea. Siku nne mtoto wa mtu alikuwa akiita kutoka ndani ya mfuko wake wa suruali, naye alikuwa akibania mégas. Kama ardhi ingepasuka angeingia mwenyewe na kuvuta mlango.

Maman Kyakimwa alipomaliza, alijifuta uso, akasimama.

"Sitakupeleka polisi," alisema. "Polisi watakunyanganya franga yangu kisha bakuachilie. Beko bangapi, wagonjwa yako?"

"Makumi sita na mbili, bila weye."

"Uko nabo mu groupe?"

"Niko nabo."

"Toa telefone yako ingine. Semea bote, na sauti yako."

Symphorien alikohoa na kurekodi. "Bandugu, njo miye Symphorien. Hakuna microbe. Miye njo nilikuwa naiba ma konti yenu, kisha nabarudishia kwa franga. Munisamehe. Musisomee mutu nambari zenu, hata miye." Akatuma. Wakangoja, wote watatu vichwa juu ya simu moja.

Wa kwanza kujibu alikuwa mwalimu Laurent wa Makomeno. "ATTENTION! Konti ya Docteur wetu baliiba! Hata sauti banaiga sasa. Mutu asiitike!"

Kisha mwingine: "Masikini Docteur. Hata yeye!"

Na mwingine: "Mwizi weye, Mungu akuone. Unachafua jina ya mutu wa maana."

Symphorien alirekodi tena, akiapa kwa jina la mama yake. Mwalimu Laurent alimjibu kwamba mwizi huyu ni mtaalamu, anajua mpaka jina la mama ya Docteur, na akapendekeza kila mtu achange kidogo ili Docteur atafutiwe msaada Kinshasa.

Hapo Maman Kyakimwa alicheka. Alicheka mpaka akashika tairi la lori, kicheko cha mtu ambaye hakuwa amecheka tangu Januari.

"Banachanga?" Symphorien aliuliza, na jicho likamwaka kidogo, bila yeye kupenda.

Kicheko kilikatika.

"Panda," alisema Maman Kyakimwa, akimwonyesha nyuma ya lori, juu ya samaki. "Utabaambia mulango kwa mulango. Na miye nitakuwa nyuma yako."

Walianzia Makomeno asubuhi iliyofuata. Mwalimu Laurent alifungua mlango, akamkumbatia Symphorien kwa nguvu, harufu ya samaki na yote, akamwita shujaa, akauliza kama konti imepona. Maman Kyakimwa alikunja mikono. Ilimchukua Symphorien karibu saa nzima kumshawishi mzee yule kwamba yeye ni mwizi, na katika maisha yake yote hakuna uongo uliowahi kumtoa jasho namna ile. Alipotoka nje, koti limelowa mgongoni, zilikuwa zimebaki nyumba sitini na moja.